Maiti Upande wa Wanawake

Ulukman alikaa ameupa ukuta mgongo, kwa sababu dirisha la chumba cha mahojiano lilitazama uwanjani naye hakutaka kuonekana. Nje walikuwa wakiliita jina lake. Hawakupayuka ovyo. Kundi moja likichoka jingine linapokea, kama watu waliojipangia siku nzima.

"Rudia," Kapteni Burulay alimwambia. "Tangu langoni."

"Dada, nirudie mara ngapi?"

"Rudia kama sijawahi kusikia."

Mlinzi yule wa mgodi wa dhahabu alijifuta midomo kwa kiganja. "Walikuja na mabango yao. Bektemir alikuwa mbele, yule ana mdomo. Akanitukania mama. Nikamsukuma kwa ngao, akaanguka, kichwa kikagonga chuma cha lango. Akainuka, akanitukania na baba. Wenzake wakamtia kwenye gari la kijivu wakaenda naye."

"Alitembea mwenyewe hadi kwenye gari?"

"Kwa miguu yake. Akanionyesha na ngumi."

"Mtu anaweza kutembea leo na akafa kesho. Unalijua hilo."

"Nalijua. Ndiyo maana sisemi sikumsukuma. Nasema nilimwona mzima." Akasikiliza jina lake likipita dirishani. "Mke wangu ni mjamzito. Mwambieni asije mjini."

Burulay alitoka akafunga mlango kwa nje. Siku ya pili baada ya ghasia za mgodini, ukurasa wa Haki ya Mlima ulikuwa umetoa video ya mazishi ya Bektemir. Familia, walisema, ilimzika harakaharaka malishoni ili polisi wasiibe mwili. Tangu hapo mji wa Chong-Say haukulala vizuri.

Haki ya Mlima haikuwa chama. Haikuwa na ofisi wala katibu. Ilikuwa ni Myktybek, dalali wa farasi wa zamani, na simu yake. Kila jioni alikwenda laivu akiwa kwenye kiti cha gari, mkanda umefungwa, akiwasema mawaziri na wageni wa mgodi kama mtu anavyowasema wakwe zake. Mwanzo watu walicheka, baadaye wakaamini. Sasa uchaguzi unakuja, na hao mawaziri wenyewe ndio wanaotangulia kumsalimia.

Kanali Turdubek alikuwa amesimama ofisini kwake akimwagilia ua lililokwisha kuloa.

"Wanamtaka mlinzi," alisema bila kugeuka. "Ikiingia sala ya magharibi nawaondoa vijana wangu langoni."

"Halafu?"

"Halafu lango litakuwa halina mtu. Nifanyeje, binti? Askari wangu ni watoto wa hao hao walioko nje. Mmoja baba yake ndiye ameshika kipaza sauti."

"Watamuua Ulukman hapo hapo barazani."

"Basi niletee mwili. Daktari auangalie, aseme ni ngao au ni kitu kingine. Bila mwili mimi nina video tu, na wao wana video hiyo hiyo."

"Mama yake hataki kaburi lifunguliwe. Hata lilipo hasemi."

"Magharibi, Kapteni," alisema Kanali, akaweka kopo chini.

*

Aktan, fundi simu aliyeuendesha ukurasa wa Myktybek, alikuja kituoni mwenyewe, anatafuna mbegu za alizeti na kutemea maganda kiganjani. Burulay aliweka simu mezani akaicheza video mbele yake. Sajini Jumash, dereva wake, alisimama mlangoni.

Waliitazama pamoja. Hema la msiba limesimamishwa mahali pa wazi. Nje wanaume wameegemea fimbo zao wanalia kwa sauti, nyuso zimefifishwa, kwa usalama wao kama maandishi yalivyodai. Kamera inaingia ndani. Wanawake wameelekea ukutani wanaomboleza. Na kule ndani kuna pazia, nyuma yake amelala marehemu. Mkono wa kulia, ukiingia.

Hapo ndipo palipouma. Kulia ni upande wa vyungu na viriba vya maziwa, upande wa wanawake. Mwanamume hulazwa kushoto, zinapokaa tandiko na hatamu zake, na mtoto wa kuchunga kondoo anajua hivyo. Watu waliiona video usiku wa kwanza wakaandika kwa maelfu: wamemlaza kama mwanamke. Kesho yake Myktybek akawa na jibu tayari. Polisi, alisema, walisimama mlangoni mwa hema wakaamuru alazwe kulia ili ukoo mzima udharaulike. Kifo kilikuwa kimewakasirisha watu. Neno hili ndilo lililowatoa majumbani.

Burulay alijua hakuna polisi aliyefika kwenye hema hilo. Kwa hiyo alikuwa amejipa jibu lake: ni mchezo wa kuigiza, uliotengenezwa na watoto wa mjini wasiojua hema. Alikuwa amezunguka kwa wakodishaji wote wa mahema ya misiba wilayani. Wote waliapa kwamba hawakukodisha.

"Hema mlilipata wapi?" alimuuliza Aktan.

"Hema gani tena? Dada, mimi nimezaliwa ghorofani. Hema nalionea kwenye kalenda."

"Ndiyo maana mkamlaza kulia."

Aktan aliacha kutafuna. "Kwani alazwe wapi?"

"Usinichezee."

"Wallahi dada, alazwe wapi?" Alimtazama Burulay, akamtazama na Jumash. "Kumbe kelele yote ile ilikuwa hiyo? Mimi nilidhani mzee anatia chumvi tu, kama kawaida yake."

Burulay aliegemea kiti. Aliyeutengeneza uongo kwa mikono yake huujua ulikoshonwa. Huyu hakuujua. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeelezwa mzaha uliopita zamani.

Akarudisha video nyuma, kwa wanaume wenye fimbo. Akaisimamisha. Akaisogeza mbele kidogo, akaisimamisha tena.

"Jumash, saa yako umevaa mkono gani?"

"Kushoto."

"Na baba yako?"

"Kushoto. Nani anavaa kulia, Kapteni?"

"Hawa. Huyu kulia, na huyu, na yule wa nyuma. Tazama na makoti yao, vifungo viko upande wa makoti ya kike." Alimgeukia Aktan. "Umeigeuza. Kama kwenye kioo."

Aktan alitema ganda. "Kila mtu anageuza. Video ya zamani ukiiweka ilivyo, mtandao unaitambua na kuifuta. Ukiigeuza hauitambui. Ni kubonyeza tu."

"Kwa hiyo ni ya zamani."



"Sijasema hivyo," Aktan alisema.

"Umesema. Igeuze irudi ilivyokuwa."

Alibonyeza, maganda yakimwangukia mapajani. Saa zikarudi mikono ya kushoto. Pazia likahamia upande wa tandiko. Mtu yule, awaye yote, alikuwa amelazwa kwa heshima zake zote.

Jumash alikuwa amekwisha kuinama juu ya meza. "Hebu subiri. Huo mlima nyuma ya hema, wenye pengo kama jino lililong'oka. Huo ni wa Ters-Kapchal. Wakwe zangu wako kule. Nikienda naukodolea macho kutwa, maana hakuna anayenisemesha."

"Kawashe gari," Burulay alisema.

*

Mama mkwe wa Jumash aliitazama video mara moja tu, akawaelekeza kwa Zuura. Huyo walimkuta anakanda unga. Alifuta vidole, akaipokea simu kwa mikono miwili, akaitazama bila kupepesa.

"Mwenye fimbo ni shemeji yangu," alisema. "Sauti hiyo ya kuomboleza ni yangu. Nyuma ya pazia ni mume wangu, Japarkul. Majira ya baridi ya mwaka juzi."

"Nani alipiga video, dada?"

"Jirani. Wanangu wako Urusi, wanajengea watu maghorofa. Tajiri wao alizifungia pasi zao za kusafiria, hawakuweza kuja. Wakasema, mama, tupigie basi hata kwa simu tumwone baba anavyotoka. Nikaiweka mtandaoni waione." Alirudisha simu. "Wameiona wengi?"

"Wengi sana. Nchi nzima."

"Wanamwombea?"

"Wanamlilia."

"Kwa jina lake?"

Burulay aliitia simu mfukoni. "Kwa jina la mtu mwingine."

Zuura alirudi kwenye unga wake. Aliukanda muda mrefu. "Basi iondoeni," alisema. "Si wao wa kumlilia."

Garini Jumash aliuliza, "Sasa tunasemaje? Bektemir hakufa?"

"Tunasema hakuzikwa hapa. Hilo tu ndilo tunalolijua. Twende kwa mama yake."

*

Nyumba ya Mama Sairakan, kijijini Beles, ilikuwa na picha kubwa ya Bektemir langoni, amevaa kofia nyeupe ya sufu, anacheka. Mama mwenyewe alikuwa amejifunga kilemba cheusi. Aliwakaribisha ndani, akawamiminia chai kidogokidogo kama adabu inavyotaka, akakaa karibu na mlango kama aliye njiani.

"Nilishasema, binti yangu. Kaburi halifunguliwi."

"Sikuja kwa ajili ya kaburi, mama. Nimekuja kutoa pole, sikuwahi." Burulay alipokea bakuli la chai. "Nani waliomwosha?"

"Ndugu."

"Ndugu gani? Niwatembelee na wao."

"Wa upande wa baba yake. Wako mbali."

Burulay alielekeza macho nyuma ya mlango. Koti la Bektemir lilikuwa limetundikwa pale, na kofia juu yake. Chini yake viatu vimepangwa, vimepakwa rangi.

"Waoshaji hupewa nguo za marehemu," alisema. "Maskini hutoa, tajiri hutoa. Nimekwenda misiba ya watu waliokuwa na shati moja, na lilitolewa. Wewe umemzika mwanao na koti lake liko hapa. Viatu umevipiga na rangi. Vya nini, mama?"

Sairakan alishika bakuli lake asinywe.

"Na mkate ule uliofungwa kwenye kitambaa, bado wa moto. Unampelekea nani?"

Mama yule hakulia. Alizungumza chini chini, akiutazama mkate. "Ni kwa muda tu. Myktybek alisema awe amekufa mpaka uchaguzi upite. Baadaye atatokea, watu watafurahi, itakuwa kama muujiza."

"Mwenyewe alikubali?"

"Alicheka. Akasema, mama, wangapi hupata kusikia wanavyosifiwa wakishakufa?"

"Kuna mtu kituoni atauawa kwa kifo hicho. Mkewe ana mimba."

"Nimesikia." Aliliweka bakuli chini. "Mwanangu hali kitu tangu juzi. Anatapika. Kichwa, kichwa, ndiyo kauli yake. Myktybek alipokuja nilimwambia tumpeleke hospitali. Akamega mkate wangu, akala, akaniambia, mama, maiti hapelekwi hospitali."

Burulay alikwisha kusimama. "Yuko wapi?"

*

Alikuwa kwenye kibanda cha wachungaji, juu ya kijiji, mahali watu wanapopahama theluji ikianza. Amelala juu ya magodoro, ndevu zimemtoka, uso umevimba upande mmoja. Mboni ya jicho moja ilikuwa imepanuka na nyingine imebaki ndogo. Kando ya sikio simu yake ilikuwa ikicheza sauti ya mwanamke asiyemjua, analia na kulitaja jina lake.

"Bektemir. Mimi ni Kapteni Burulay, polisi. Unanisikia?"

Alimtafuta kwa macho asimpate. "Wamefika wangapi msibani?" aliuliza.

Jumash akaizima simu ile. Wakambeba kwa blanketi hadi garini, mama yake akaingia nyuma, akampakata kichwa. Burulay alimpigia Kanali.

"Yuko hai. Mwambie Ulukman. Lakini damu imevilia kichwani, namkimbiza hospitali."

"Mpitishe uwanjani kwanza wamwone."

"Hana nafasi hiyo."

"Kapteni, hospitali iko ng'ambo ya uwanja. Utapita wapi, hewani?"

Alikata simu. Jumash aliendesha kwa nguvu mpaka nyumba za kwanza za mji, halafu kwa polepole, halafu akasimama. Watu walikuwa wamejaa barabara nzima. Walipoona gari la polisi walilizunguka, wakaanza kupiga paa kwa viganja.

Burulay alishuka. "Bektemir yumo humu," alisema kwa sauti ya kutosha. "Ni mzima, ila anahitaji daktari sasa hivi. Tupisheni."

Mtu mmoja mnene, aliyebeba picha ya Bektemir kwenye ufito, aliinama dirishani. Akatazama ndani, akatazama picha yake.

"Huyu amevimba. Bektemir hayuko hivi."

"Kagonga kichwa, kaka. Mtazame vizuri."

"Bektemir amezikwa. Nimeyaona mazishi kwa macho yangu."

"Umeyaona kwenye simu."

"Na simu naitazama kwa nini, kwa masikio?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Mwingine akadakia, "Polisi wameokota mlevi. Mpeni maziwa ya farasi yaliyochacha aendelee kulewa." Paa likaanza kupigwa tena. Ndani ya gari Bektemir alikuwa anakoroma, mkoromo mzito wenye mapengo. Wa nyuma waliokwisha kuanza kuelekea kituoni walirudi kuja kutazama.

Ndipo watu walipogawanyika, Myktybek akapita katikati yao, kofia nyeupe kichwani, simu ameinyoosha mbele, yuko laivu. Aliinama dirishani. Bektemir alifumbua jicho moja. Midomo ikatafuta jina.

"Kaka Myk..."

Myktybek alimtazama. Burulay alisimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, akaiona simu ikishuka mkononi mwake. Alikuwa amemtambua. Kisha akanyooka, akaigeuzia simu uso wake.

"Ndugu zangu, wametuletea mtu. Simjui ni nani, Mungu amponye. Si yeye."

"Myktybek," Mama Sairakan alimwita kutoka ndani. "Juzi umekula mkate wangu, yeye akiwa mbele yako."

"Pole, mama yangu." Aligeukia watu. "Mnamwona mama wa shujaa? Uchungu umemchanganya. Hata hilo wamelitumia."

Burulay alisukuma mtu, akasukuma na wa pili, akimpa Jumash ishara atembeze gari. Gari lilisogea hatua moja likagota kwenye miili. Alimshika yule mnene kifua. "Toeni hata mwanya wa baiskeli. Nakuomba kwa watoto wako." Yule mnene alisita, akatazama nyuma kuona kama kuna anayesogea. Hakuna aliyesogea.

Mkoromo ulikatika. Mama akamwekea mwanawe mkono kifuani, akaungoja urudi. Haukurudi.

Akafungua kinywa akaanza.

Sauti ile hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Wengi wao walikuwa wameisikia majumbani kwao, ikitoka kwa mama au shangazi, na hakuna anayeiweza kwa kuigiza. Alimtaja mwanawe kwa jina la utotoni, akamtaja farasi wake wa kwanza, akataja homa aliyomponya. Viganja viliondoka juu ya paa. Mzee mmoja akajishika kiuno, akainama, akalia, "Ndugu yangu, ndugu yangu," kama mwanamume anavyopaswa kulia akiusikia msiba. Akafuata wa pili. Ikaenda nyuma mpaka mwisho wa umati, na kadiri ilivyokwenda watu walirudi pembeni, kwa heshima, mpaka njia ya hospitali ikawa nyeupe kabisa, pana, ya kupitisha magari mawili.

Jumash alikuwa na mikono kwenye usukani. Hakuliondoa gari.

Mwanamume asiyelia wenzake wakilia huonekana. Myktybek aliliona hilo, kwa kuwa macho yalikuwa yamemwelekea, yakingoja neno lake. Akajiinamia, akajishika kiuno, akalia kwa sauti iliyozidi za wote, na mkono wa pili ulikuwa bado umeinua simu.

Burulay alimwendea, akaushika mkono ule wa simu kwa mikono yake miwili, kama mtu anayetoa pole. Hakuuachia.

"Umesema si yeye," alimwambia. Hakupaza sauti, ila simu ilikuwa katikati yao. "Sasa unamlilia nani?"

Myktybek alivuta mkono. Haukutoka. Mtu mnene mwenye picha aliacha kulia kwanza, akamtazama Myktybek usoni, akingoja jibu. Kisha wakaacha waliokuwa karibu naye, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama hivyo hivyo, mpaka sauti ikabaki moja, ile iliyokuwa ndani ya gari.